Wasafiri wa Wodi ya Mifupa

Wodi ya Mifupa,
Kakamega,
14 Septemba 1996.

Dada yangu Zeituni,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umeketi, mtoto amelala, na chai yako ingali na moto, maana nasikia mzazi mpya huwa hapati kuinywa ikiwa hivyo. Shemeji Abdulmalik hajambo? Joto la Kisauni limepungua? Huku kwetu mvua inanyesha kila alasiri pamoja na mawe yake, kama kawaida ya Kakamega, na bati la wodi linapiga kelele mpaka mtu anayeongea na jirani yake analazimika kutumia mikono. Mama hajambo. Jumapili alikuja na ingokho, kuku wetu wa kienyeji, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso, na ugali wetu wa obusuma ukiwa moto, akanisimamia mpaka nikaufyonza mfupa wa mwisho. Mimi mwenyewe ni mzima wa moyo, alhamdulillahi, na nina habari tele.

Barua yako ilifika, na nilipokuta ndani yake kwamba ni msichana na mmemwita Sumayya, niliisoma kwa sauti wodi nzima isikie. Walipiga makofi hata wasiokujua. Umeniuliza mambo matatu: plasta itatolewa lini, nitarudi lini kwenye cherehani, na kwa nini barua yangu iliyopita ilikuwa fupi na mwandiko haukuwa wangu. Yote nitayajibu. Ila nipe ruhusa nianze na jambo jingine kwanza, kwa sababu wewe umo ndani yake kuliko unavyodhani.

Jinsi nilivyofika hapa unajua. Mama alikuandikia kwamba mwezi wa Juni nilikuwa natoka Malava kutafuta vitambaa, baiskeli niliyopakiwa ikateleza kwenye matope, nami nikaangukia mtaroni juu ya mawe, nikavunjika mguu wa kulia. Asichoweza kukueleza Mama ni maisha ya wodi yenyewe. Hebu fikiria wanaume wazima wamelala chali, miguu imeinuliwa kwa kamba zenye uzito, kama nguo zilizoanikwa. Huwezi kugeuka. Huwezi kwenda popote. Siku za kwanza tulikuwa tunatazama dari tu, tukigombana kama ile alama ya maji iliyoko pale juu inafanana na ng'ombe au ramani ya Uganda.

Jirani yangu wa upande wa dirisha ni kijana wa Amalemba anayeitwa Wesley Masinde, mwanafunzi wa chuo kikuu. Aliumia paja akicheza mpira wakati wa likizo. Upande wa pili yuko Shikanga, dereva wa lori la mbao, mtu wa sauti kubwa, aliyeanguka kutoka juu ya mzigo wake alipokuwa akikaza turubai. Mbele yetu yuko Mzee Protus, katekista mstaafu wa upande wa Malava, ambaye ugonjwa wa sukari ulimharibu mguu. Na wa mwisho ni Sista Quinter, muuguzi wetu, mama wa makamo mwenye mikono myepesi na ulimi mzito. Hao ndio watu wangu. Nakuomba uwapende, maana wao tayari wanakupenda wewe.

Basi alasiri moja Wesley alitoa chini ya mto wake kitabu kikubwa cha Kiingereza kilichochakaa, chenye picha ya joka jekundu kwenye jalada. Akasema huo ni mchezo. Shikanga akauliza ubao uko wapi, na kete ziko wapi. Wesley akasema hakuna ubao, mchezo wenyewe unachezwa kwa mdomo. Alifundishwa chuoni na mwenzake wa bwenini aliyekuja na kitabu hicho kutoka ng'ambo. Mmoja anakuwa msimulizi: anawaambia wenzake mko mahali fulani, mbele yenu kuna hiki na kile. Wengine, kila mtu ana shujaa wake, na anasema shujaa wake anafanya nini. Ikiwa jambo lina shaka, kwa mfano umeruka korongo na haijulikani kama utafika, unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua.

Shikanga akauliza, "Na mimi nikitaka kurudi nyumbani?"

"Unarudi," Wesley akamjibu. "Lakini joka litakufuata mpaka nyumbani."

"Na nani anasema litanifuata?"

"Mimi. Msimulizi ndiye mwenye neno la mwisho."

"Basi wewe ni Serikali," Shikanga akasema, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Wesley jina lake tena. Ni Serikali tu, hata kwa daktari.

Dadu za mchezo huo zina nyuso nyingi za ajabu, na Wesley alikuwa ameziacha bwenini. Sista Quinter alipotusikia tukilalamika alituletea kesho yake dadu mbili za ludo za watoto wake, akasema tukizipoteza tutamweleza kitinda mimba wake sisi wenyewe.

Sasa hapa ndipo unapoingia, dada. Kwenye kurasa za mwisho za kile kitabu, waliotunga mchezo wameandika orodha ya vitabu na sinema walizozipenda tangu utotoni, wanasema humo ndimo walimotoa majoka yao, wachawi wao na mapanga yao. Wesley alitusomea orodha nzima ili tuchague tunachokijua tuanzie hapo. Alisoma jina baada ya jina. Hatukujua hata moja. Nilimwona akiona haya kwa ajili yetu, na sisi tukiona haya kwa ajili ya nafsi zetu, mpaka Shikanga akakohoa na kusema, "Hao walisoma vyao. Na sisi si tuko na vyetu? Andika vyetu."

Wesley akafikiri kidogo, kisha akageuza kipande cha karatasi ya chakula cha wagonjwa na kutuambia haya, kila mtu aseme kitabu au sinema moja ambayo hajawahi kuisahau.

Shikanga alianza bila kusubiri. Ni sinema ya Kichina aliyoiona kwenye video ya Webuye, na akaiona tena Eldoret, na tena kila mahali lori lilipolala. Mpishi mnene anamtafuta mtu aliyemuua mwalimu wake, na silaha yake ni mwiko wa chuma. Shikanga hajui Kichina lakini anajua maneno yote ya ile sinema. Alitufanyia pigano lote kwa mikono akiwa amelala chali, kamba ikatikisika, na Sista Quinter akaja mbio kumkemea. Lakini hakuondoka. Alibaki kusikiliza, na alipoulizwa yake alijidai hana, kisha akasema ni ya Kihindi. Mwanamke ananyang'anywa mume na mto uliofurika, naye anakaa ukingoni akiimba mpaka mvua inamwonea aibu na mto unamrudishia. Sista alisema aliitazama akiwa msichana na hakulia. Tulimwangalia. Akasema, sawa, alilia kidogo.

Mzee Protus alitaja sinema ya zamani iliyoonyeshwa misheni kwenye shuka jeupe, ya askari wa farasi waliovaa chuma wakiteremka kisimani kuitafuta kengele iliyoibwa. Tulimuuliza kilichomfurahisha ni nini, panga au kisima? Akasema farasi. Kulikuwa na farasi mmoja mweusi aliyekataa kumwacha bwana wake hata alipopigwa, na yeye Protus mpaka leo akisali jioni humkumbuka yule farasi.

Zamu yangu ilipofika nilitaja kile kitabu chetu, dada. Kile kisicho na jalada, ulichokuwa ukinisomea chini ya taa ya koroboi, cha mji ambao watu wake walipoteza vivuli vyao, na binti wa sultani akaondoka kwenda kuvitafuta. Niliwaambia kwamba hatukujua jina lake wala mwandishi wake kwa sababu jalada liling'oka kabla hatujakipata, na mwisho wake hatukuujua kwa sababu mchwa waliula. Na nikawaambia jinsi ulivyokuwa ukinitungia mwisho mpya kila mara: siku moja vivuli vimefichwa ndani ya chungu cha mkunga, siku nyingine vinauzwa sokoni Mumias kwa mafungu, na yule binti anapigania bei. Shikanga alicheka mpaka akashika ubavu. Wesley hakucheka. Alinitazama kwa makini kama mtu aliyeokota kitu, akasema, "Mji wetu tumeupata."

Hivyo ndivyo safari yetu ilivyoanza. Kuna mji usio na vivuli, na joka moja katika milima ya kaskazini limevimeza vyote. Shikanga ni mpishi mwenye mwiko. Sista Quinter, akiwa hana zamu, ni mwimbaji anayeita mvua. Mzee Protus alikataa kuwa askari, akataka kuwa farasi. Wesley akasema kitabu hakina sheria za farasi. Mzee akasema basi Serikali itunge sheria, na Serikali ikatunga. Mimi ni Fundi, ninayejua kumshonea mtu kivuli chake kikakaa barabara. Msitu tuliopita ni msitu wetu huu wa Kakamega, na nyani zake, ila miti inasema. Mvua ya kweli ilipoanza kupiga bati tulikuwa tunanyamaza, na Wesley anaonyesha kwa mikono kwamba hata kule tuliko inanyesha, na Sista Quinter anainua kidole kudai kwamba ameiita yeye.

Wagonjwa wengine walianza kutusikiliza. Mmoja aliyekuwa akisubiri kutolewa plasta aliomba akae siku mbili zaidi ajue kama tutavuka daraja la mifupa. Hatukukosa adui pia. Alikuja mhubiri mmoja wa kuzungukia wagonjwa, akaliona lile joka kwenye jalada, na unajua siku hizi redioni ni habari za waabudu shetani kila kukicha. Alitaka kitabu kichomwe. Tuliogopa sana, maana matroni alikuwa ameanza kusogea. Mzee Protus ndiye aliyemuuliza kwa upole kama katika kitabu kile alichokibeba kwapani hamna joka, jekundu tena, lenye vichwa saba. Mhubiri akasema limo, lakini lile linashindwa. "Na hili letu pia," Mzee akamwambia, "ukitupa nafasi." Yule bwana alisimama pale, mwishowe akaketi kando ya kitanda, na kabla ya kuondoka akatuonya tusiliamini joka likianza kuongea kwa sauti tamu. Ushauri huo ulitufaa sana baadaye.

Dada, sasa nakuomba, kama umempakata Sumayya, mlaze kwanza. Nataka kukuambia lile ambalo Mama alinikataza. Ulikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilikuwa imekutoka, na Mama akaapa kwamba hakuna neno la kukushtua litakalotoka katika familia hii mpaka ujifungue salama. Nilimtii. Jumapili, baada ya ile ingokho, alinipa ruhusa kwa kinywa chake mwenyewe.

Mguu wangu wa kulia haupo. Ulikatwa mwezi wa Julai, chini ya goti.

Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi nilipoanguka, na kidonda kiliingia uchafu wa mtaroni. Walijaribu kila dawa. Daktari alikuja akaketi, hakusimama, na nilipoona ameketi nilijua. Alisema sumu inapanda, na tukichelewa itachukua zaidi ya mguu. Akanipa karatasi nitie sahihi. Nilikataa. Nilimwambia mimi ni fundi wa cherehani, kazi yangu ni ya miguu kuliko mikono, na afadhali nife nikiwa kamili. Nilisema hivyo, dada, nisamehe. Mama alilia akaniomba, nikageuza uso wangu ukutani.

Katika mchezo tulikuwa tumefika ukingoni mwa mto mkubwa wa pili, njiani kwenda kwa joka. Alasiri ile Wesley akauliza kama kawaida, "Fundi, tuko ukingoni mwa mto. Unafanya nini?" Sikumjibu. Wakaacha mchezo. Kesho yake akauliza tena, nami nikanyamaza tena. Sista Quinter alikuja bila sare yake, siku yake ya mapumziko, akaona hali ilivyo, akazirudisha dadu mfukoni na kuanza kunipangusa uso kwa maji, maana homa ilikuwa imepanda na nilikuwa naongea maneno yasiyoeleweka.

Nilipopata fahamu nilisikia wakibishana. Wesley alikuwa akisema kwa sauti ya chini kwamba pengine Fundi abaki pale ukingoni amelala, wao wavuke, atawafuata akipata nguvu.

"Mimi sivukangi mto nikaacha mtu," Shikanga akasema. "Hata barabarani. Lori yangu ikikwama, tanboi wangu wa kupakia mizigo analala, mimi nalala. Akiamka, tunaenda."

"Na asipoamka?" Wesley akauliza.

"Basi hii hadithi imeisha hapa. Niandikie kwamba mpishi alizeeka hapo kwa mto akipikia watu chai."

Sista Quinter akasema na yeye haimbi. Kisha Mzee Protus aliniita, si Fundi, bali kwa jina langu. Akafunua blanketi yake. Nilikuwa nimelala mbele yake majuma hayo yote na sikuwa nimeutazama vizuri upande wake wa kushoto. Mguu ule uliishia chini ya goti, umefungwa bandeji safi.

"Mimi nilitia sahihi mwezi wa Mei," akaniambia. "Nilichelewa, kwa sababu nilifikiri watoto wangu wataniona nusu mtu. Siku walipokuja niliufunika. Yule mkubwa akaufunua, akautazama, akauliza kama nimekula. Basi. Hiyo ndiyo hukumu niliyokuwa nikiiogopa, Ishaq. Kama nimekula."

Nililia, dada. Nililia na sikujificha, na hakuna aliyejifanya hajaona. Kisha nikamwomba Sista aniitie daktari. Kabla ya kupelekwa nilimwomba Wesley akuandikie ile barua fupi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa ukitetemeka na sikutaka posta ikae muda mrefu bila neno langu. Ndiyo maana mwandiko haukuwa wangu. Yale maneno ya kwamba najisikia vizuri nilimwamuru ayaandike. Alikunja uso lakini aliandika.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo kulikuwa kwepesi. Kulikuwa na maumivu, na kulikuwa na asubuhi ambazo unyayo usiokuwepo uliniwasha nikashindwa pa kujikuna. Lakini homa ilishuka. Siku ya kwanza niliyoweza kuketi na mto mgongoni, Wesley alisafisha koo.

"Fundi, tuko ukingoni mwa mto. Unafanya nini?"

Nikamwambia, "Nauliza kina chake."

Laiti ungesikia kelele iliyopigwa! Matroni alitoka ofisini akidhani mtu amekufa. Tulivuka mto siku hiyohiyo. Sista Quinter aliimba, kweli aliimba, wimbo mzima kwa Kihindi asichokijua, na maji yakapungua. Mzee Protus alitaka kunibeba kwa kuwa yeye ni farasi, lakini Shikanga akasema farasi abebe vyombo vya jikoni, Fundi ni mzigo wake. Dadu ilimkatalia. Akarusha tena bila ruhusa. Ikamkatalia tena. Serikali ikaangalia dirishani, ikasema haikuona kitu, na Shikanga akarusha mara ya tatu akapata sita mbili.

Joka tulilishinda mwishoni mwa Agosti. Lilijaribu kuongea kwa sauti tamu, nasi tulikuwa tumeonywa. Wesley aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya hapo, na sasa amerudi chuoni akitembelea fimbo. Aliniachia kitabu na akaniachia cheo. Sasa mimi ndiye Serikali, na Shikanga ananilalamikia kuliko alivyomlalamikia yule wa kwanza.

Swali lako la cherehani ndilo lililobaki. Wiki iliyopita Sista Quinter alinipeleka kwa magongo hadi kwenye chumba wanachoshonea mashuka ya hospitali. Kuna mashine nne za kukanyaga. Mama mmoja anayeitwa Jescah, mshonaji wa pale, alinipisha kiti chake bila kuuliza kitu. Nilikaa. Niliuweka mguu wangu wa kushoto kwenye kikanyagio na ukaniletea ujinga, gurudumu likazunguka kinyumenyume na uzi ukakatika. Nikatunga sindano upya. Ukakatika tena. Nilitaka kuondoka, lakini magongo yalikuwa yameegemezwa mbali, na nafikiri Sista aliyaweka mbali kwa makusudi. Basi nikajaribu polepole, nikisukuma kwa vidole na kurudisha kwa kisigino, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili, mpaka gurudumu likashika mwendo. Nikapinda upindo wa shuka kutoka ncha hadi ncha. Jescah alilichukua lile shuka, akalinyoosha kwenye mwanga wa dirisha, akasema upindo huu umenyooka kuliko wake, halafu akanirundikia mashuka mengine yote yaliyochanika. Nilishona hadi wakati wa chakula. Mgongo uliniuma na paja likatetemeka, na sijafurahi hivyo tangu Idi.

Kwa hiyo jibu ni kwamba nitarudi kwenye cherehani mwezi ujao, inshallah, polepole. Bwana mwenye duka amesema nafasi yangu ipo. Hapa hospitalini wananipimia mguu wa bandia, ambao utachukua muda. Jumamosi tutakuwa tukikutana nyumbani kwa Shikanga, Amalemba, ambaye pia anatoka hivi karibuni, na Sista Quinter ameahidi kuja na huyo kitinda mimba wake mwenye dadu. Mzee Protus atashuka kutoka Malava.

Najua utalia, na lia tu, ila ukimaliza, usipande basi kuja kunitazama kama maiti. Njoo Desemba mlivyopanga, na Sumayya akiwa amepata nguvu. Mama amekwisha kumtengea kuku wake, na huyo kuku amempa hata jina. Na kwa kuwa najua huwezi kuja mikono mitupu, nitakuagiza kitu: viatu vya ngozi vya Mombasa, namba nane, rangi nyeusi. Usije ukaniletea kimoja kwa kuona huruma. Lete pea nzima. Mimi na Mzee Protus tumepimana tukaona namba yetu ni moja, na tumeshapatana: cha kushoto changu, cha kulia chake. Ametaka tu viwe vya kung'aa, kwa sababu ni vya Krismasi.

Nisalimie shemeji, mwambie simlaumu kwa kukaa kimya, Mama alimbana na yeye pia. Mbusu Sumayya kwenye paji la uso. Wanaokusalimu kutoka hapa ni Mama, Sista Quinter, Mzee Protus, na Shikanga, ambaye amesimama kwa magongo yake nyuma yangu akisoma kila neno na kudai kwamba mpishi hakuwa mnene hivyo.

Wassalamu alaikum.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ishaq